Mbita: Mji Uliowafuata Watu Bomani

Wakili Silvano Melea Otieno alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986, na kwa miezi mitano Wakenya wakabishana, barazani na ndani ya matatu, kuhusu mahali atakapozikwa. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka amzike kwenye shamba lao la Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ukashikilia kwamba Mluo huzikwa kwao. Mei 1987 Mahakama ya Rufaa iliupa ukoo ushindi, na mwili ukasafirishwa hadi Nyalgunga, Siaya. Hoja iliyobeba kesi ile ilieleweka na kila mtu wa Nyanza: mjini mtu ana nyumba tu, boma liko kwao.

Kesi hiyo ilimhusu mtu aliyeufuata mji. Haikumgusa yule ambaye hakwenda popote, akakaa penye kaburi la babu yake, mji ukaja wenyewe mpaka langoni. Watu wa namna hiyo ni wengi Mbita. Walilala wakiwa wakulima na wavuvi wa pembezoni mwa ziwa, wakaamka wakiwa na wapangaji, taa za barabarani, pikipiki zinazopiga honi usiku kucha, na maofisa wa kaunti wenye ramani mkononi.

Mbita iko kwenye ncha ya bara katika Kaunti ya Homa Bay, mahali Ghuba ya Winam inapofunguka kuelekea Ziwa Victoria lenyewe. Mbele yake kuna kisiwa cha Rusinga, na kati ya bara na kisiwa mlango mwembamba wa maji. Ng'ambo ya ghuba, upande wa kaskazini, iko Luanda K'Otieno katika Kaunti ya Siaya, ambako feri ya magari huvuka kwa muda mfupi. Anayekataa maji sharti azunguke ghuba nzima kwa barabara kupitia Kisumu. Kwa hiyo Mbita ilikuwa njia panda ya majini kabla haijawa njia panda ya barabara. Mitumbwi ya visiwa vya Mfangano, Takawiri na Rusinga ilitia nanga hapa, na hapa ndipo samaki walipobadilishwa kwa mahindi ya bara.

Kijiji, kwa maana ya nyumba zilizobanana kuzunguka kisima au kanisa, hakikuwepo. Waliokuwepo ni watu wa maboma. Kila boma na ua wake wa minyaa, nyumba ya mke mkubwa ikitazama lango, vibanda vya wavulana karibu na lango hilo, zizi katikati, na makaburi ndani ya ua huo huo. Kutoka boma moja hadi jingine palikuwa na shamba la mtama au malisho. Ukoo ndio uliokuwa kijiji. Jambo hili ni la kukumbuka, kwa kuwa limeamua mji umeingiaje: ulipofika haukukuta uwanja wa kijiji wa kuuzunguka, ulikuta mianya kati ya boma na boma, ukajaa humo.

Na wenyeji wenyewe walikuwa wamekwisha kumezwa mara moja. Sehemu kubwa ya watu wa mwambao huu ni Wasuba. Mapokeo yao yanasema wahenga walivuka ziwa kutoka pande za Buganda na Busoga katika karne ya 18, wakikimbia vurugu za kugombea ufalme, wakatua visiwani na kando ya bara. Lugha yao ni ya Kibantu. Lakini majirani wa bara walikuwa Waluo, wake walitoka kwa Waluo, soko lilikuwa la Waluo. Kisha wamisionari wa Kiadventista wakafungua kituo Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na neno la Mungu pamoja na masomo ya shule yakaja kwa Kiluo. Leo mtoto wa Mbita au Rusinga huitwa Msuba na huongea Kiluo. Kisuba kimesalia zaidi Mfangano, ambako kuna hata redio ya jamii iliyokipa masafa. Hakuna baraza lililowahi kukaa likaamua lugha ya Kisuba iondoke bara. Iliondoka nyumba kwa nyumba, na ndivyo pia ardhi ilivyokuja kuondoka.

Kwa nini mji haukuja mapema? Jibu moja ni mdudu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulipita kwenye mwambao wote wa ziwa, kuanzia Uganda hadi Nyanza, ukaua watu wengi na kuwahamisha wengine. Nyuma ya Mbita kuna Bonde la Lambwe, na mbung'o walilikalia bonde hilo kwa miongo mingi. Ng'ombe hawakudumu, na watu walikaa kwa tahadhari. Hifadhi ya wanyama iliyotengwa bondeni mwaka 1966 ndiyo leo Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, makao ya korongo wa mwisho waliobaki Kenya, swala wakubwa ambao pengine wasingekuwepo kama mbung'o wangewaachia wakulima nafasi. Mbita ilikuwa imefungwa kati ya maji na inzi.

Ajabu ni kwamba mdudu huyo huyo alisaidia kuleta mji. Thomas Risley Odhiambo, mwanasayansi wa Kenya aliyebobea katika elimu ya wadudu, alianzisha Nairobi mwaka 1970 kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kinachojulikana kama ICIPE. Alihitaji mahali penye wadudu wa kweli wanaowasumbua watu wa kweli: mbung'o, mbu wa malaria, viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi. Mbita ilikuwa na wote. Kituo kikajengwa ufuoni, kikiwa na maabara, nyumba za watafiti, umeme, na mishahara ya kila mwezi katika eneo ambalo fedha zilikuja kwa msimu wa samaki. Leo kituo hicho kinaitwa kwa jina la Odhiambo, aliyefariki mwaka 2003. Hapo ndipo Zeyaur Khan na wenzake, katika miaka ya 1990, walipotengeneza mbinu ya kupanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi na matete kuzunguka shamba: desmodiamu inamfukuza nondo wa kiwavi na kuzuia gugu la kayongo, matete yanamvuta nondo huyo nje ya shamba. Wakulima wengi wa Afrika Mashariki wanaoitumia hawajui kwamba ilianzia kwenye ncha hii ya ziwa.

Taasisi kutangulia mji si jambo geni. Huko nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania, Deusto ilikuwa jumuiya ya wakulima kando ya mto, karibu na mji wa Bilbao, ikijulikana kwa nyanya zake. Mwaka 1886 Wajesuiti walifungua chuo kikuu pale. Viwanda vya chuma na meli vikaitanua Bilbao, na mwaka 1925 Deusto pamoja na jirani yake Begoña zikawekwa ndani ya mipaka ya Bilbao, halmashauri zao zikafa. Jina Deusto limebaki, na chuo kimebaki; mashamba ya nyanya yamekuwa magorofa. Wasomaji wa Dar es Salaam wana mfano wa karibu zaidi: Mzizima, kijiji cha wavuvi ambacho Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alijenga mji wake kando yake katika miaka ya 1860. Tofauti ni kwamba Deusto na Mzizima zilimezwa na mji mwingine uliokuwa na jina na uwezo tayari. Mbita imejimeza yenyewe: soko na ofisi zilizoota katikati yake ndizo zilizowala majirani.

Tukio lililoharakisha yote ni tuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mawe na udongo vilimwagwa kwenye mlango wa maji kati ya Mbita na Rusinga mpaka gari likaweza kupita. Kabla ya hapo, mtu wa Rusinga aliyekuja sokoni alipanda mtumbwi na kungoja upepo utulie. Baada ya tuta, Rusinga ikawa kiunga cha Mbita, ingawa ramani ziliendelea kuiita kisiwa. Mwalimu aliweza kulala Rusinga na kufundisha bara. Mgonjwa alifikishwa hospitali usiku. Mchanga wa ujenzi, magunia ya saruji na kreti za soda zikavuka juu ya magurudumu.

Lakini tuta lilikuwa pia ukuta. Maji yaliyokuwa yakipita kati ya ziwa kuu na ghuba yakazibwa upande huo, na kwa miaka mingi wavuvi na wanasayansi wakalalamika kwamba maji yalisimama, takataka na gugumaji vikarundikana, na samaki wakapoteza njia yao. Gugumaji, lililotapakaa ziwani miaka ya 1990, lilikuwa na sababu nyingi, na si haki kulitwika tuta lawama zote. Hata hivyo hoja ilishinda: katika muongo wa 2010 lilijengwa daraja, tuta likakatwa, maji yakapata njia tena chini ya magari. Ni nadra serikali kukiri kwa saruji kwamba ilikosea kwa udongo.

Wakati tuta linajengwa, ziwa nalo lilikuwa linageuka. Mbuta, samaki mkubwa aliyepandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, aliongezeka ghafla katika maji ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Fulu wadogo wa aina mamia wakatoweka au wakapungua mno, na viwanda vya minofu vikaanza kununua mbuta kwa ajili ya Ulaya. Malori yenye barafu yakaanza kulala ufuoni. Wavuvi wakaja kutoka Siaya, Busia, Migori na hata ng'ambo ya mipaka, na mvuvi mgeni anahitaji kitanda, chakula, mahali pa kuchaji simu na mahali pa kunywa. Vyumba vya kwanza vya kupanga Mbita havikujengwa kwa ajili ya makarani. Vilijengwa kwa ajili ya mabaharia wa mitumbwi.

Omena, yaani dagaa, ndiyo inayomlisha mtu wa kawaida, na ufuo wa omena unaonyesha mji huu vizuri kuliko ofisi yoyote. Mitumbwi hutoka jioni usiku usio na mbalamwezi, taa zikiwashwa juu ya maji. Zamani karabai za mafuta, sasa zaidi taa za betri na sola. Samaki huifuata taa, wavu hushuka. Alfajiri mtumbwi unaporudi, akina mama wamekwisha kupanga beseni zao mchangani, kila mmoja akijua ni mtumbwi upi anaufanyia kazi. Bei hutajwa kwa beseni, ikabadilika kabla jua halijatoka vizuri. Omena humwagwa juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa chini, hutawanywa kwa mkono hadi kila samaki akalala peke yake, na mvua ikinyesha saa nne asubuhi mtaji wa mtu umekwenda. Zilizokauka vizuri hung'aa fedha na kwenda Nairobi kwa magunia. Zilizovunjika na kuchanganyika na mchanga huuzwa kwa watengenezaji wa chakula cha kuku. Sokoni hupimwa kwa gorogoro. Kuna upande mchungu pia, unaojulikana kwa jina la jaboya: mwanamke mwenye mtaji mdogo kulazimika kumpa mvuvi mwili ili ahakikishiwe samaki. Mwambao huu umelipia desturi hiyo kwa virusi vya ukimwi, na vikundi vya wanawake vilivyojinunulia mitumbwi vilianza kwa nia ya kuikwepa.

Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena hufungwa kisheria ili samaki wazaane. Mji mzima huusikia mfungo huo, hata muuza viazi ambaye hajawahi kukanyaga mtumbwi.

Ofisi zilikuja baadaye. Suba ilikatwa kutoka Homa Bay ikawa wilaya yake yenyewe katikati ya miaka ya 1990, na wilaya ilimaanisha mkuu wa wilaya, polisi, mahakama, idara za kilimo na uvuvi, na watumishi wasio na boma hapa. Mwaka 2013 kaunti zikaanza kazi, Suba ikarudi ndani ya Homa Bay, lakini ofisi hazikuondoka, zilibadilisha vibao. Kisha lami ikafika kutoka mji wa Homa Bay, umbali wa kilomita 40 hivi uliokuwa ukila mchana wa mtu na shoki za matatu. Lami ilipokamilika, bei ya ardhi kando yake ikapanda, na ndipo kumezwa kukaanza kuonekana kwa macho.

Kumezwa huko kunaendaje hasa? Ardhi ya Nyanza ilipimwa na kuandikishwa kwa majina ya watu binafsi chini ya sheria za miaka ya 1960, ikiwemo ile ya 1968 ya kuamua mipaka na haki za wenyeji. Shamba la ukoo likawa hati kadhaa, mara nyingi kwa jina la mwanamume mmoja aliyekuwa hai siku ya kupimwa. Miaka arobaini baadaye mwanamume huyo ni marehemu, wanawe ni sita, na hati bado ni ya jina lake. Mmoja anataka karo, anamuuzia mwalimu wa shule ya sekondari kipande cha hamsini kwa mia, futi hizo, kipimo ambacho Kenya nzima hukijua bila kuuliza. Mwalimu anajenga. Mwingine anaona vyumba vya mwalimu vimejaa wapangaji, naye anajenga mstari wa vyumba vinne vya mabati kwenye upande uliokuwa wa mtama. Njia ya ng'ombe kwenda ziwani inakuwa uchochoro, uchochoro unapata duka la M-Pesa, duka linavuta kinyozi. Hakuna siku hata moja ambayo mtu angeweza kusema: leo kijiji kimekwisha.

Mila ndiyo inayokwama kwanza. Kijana wa Kiluo au Kisuba anapokomaa hutakiwa kutoka kwenye boma la baba na kuanzisha lake. Hufanya hivyo alfajiri, akiwa na jogoo, shoka na moto, mwanawe wa kwanza akiwa naye, na nyumba husimama siku hiyo hiyo. Lazima iwe mahali papya. Penye eneo la hamsini kwa mia, mahali papya hapapo. Wengine hununua kipande mbali, Lambwe au hata Migori, ili wapate pa kuanzisha boma, huku wakiendelea kukusanya kodi Mbita. Wengine hufupisha: lango jipya hutobolewa kwenye ua wa zamani, jogoo anawika, wazee wanakubali. Wazee hukubali mengi siku hizi, na pengine ndiyo sababu bado wanaulizwa.

Anayetaka kuona Mbita ya kesho aende Kisumu. Reli kutoka Mombasa ilifika pale tarehe 20 Desemba 1901, na mji wa wakoloni ukajengwa kwenye ardhi ya serikali: bandari, stesheni, nyumba za Wazungu juu, maduka ya Wahindi katikati, na baadaye mitaa ya wafanyakazi kama Kaloleni na Shauri Moyo. Nje ya mpaka, Waluo waliendelea na maboma yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali huru ilipanua mpaka wa manispaa hadi eneo la zaidi ya kilomita za mraba 400, sehemu yake ikiwa maji. Ndani ya mstari huo mpya zikaingia Manyatta, Nyalenda, Pandpieri, Obunga, Bandani na vijiji vya Kajulu na Kolwa.

Kilichofuata hakikuwa kama Deusto. Ardhi ya vijiji hivi ilikuwa milki ya kudumu ya wenyewe, kwa hati. Baraza la mji halikuwa na kipande cha kuchora barabara bila kununua, na halikuwa na fedha za kununua. Kwa hiyo wenye ardhi wakafanya walichoweza: walijenga vyumba vya kupanga kwa ajili ya watu wa viwandani na bandarini. Ndiyo maana Kisumu, iliyotangazwa kuwa jiji mwaka 2001 na kufikia watu karibu 400,000 katika sensa ya 2019, ina kitovu chenye barabara zilizonyooka na mkanda mnene wa mitaa ambayo vichochoro vyake hupinda kufuata mipaka ya mashamba ya zamani. Watu wa nje huita mkanda huo mitaa ya mabanda, kwa sauti ile ile wanayotumia kwa Kibera. Kosa. Kibera mwenye chumba hana ardhi. Manyatta mwenye vyumba mara nyingi anaishi hapo hapo, ana hati, na baba yake amezikwa hatua chache kutoka mlango wa mpangaji.

Makaburi ndiyo yanayoutofautisha mji huu wa Nyanza na miji mingine. Katika mitaa hiyo ya Kisumu, kaburi lenye vigae huwa kati ya kamba ya kuanikia nguo na tangi la maji. Watoto hukaa juu yake wakifanya kazi za shule. Wapangaji wanaotoka mbali huogopa wiki ya kwanza, kisha huzoea. Kwa mwenye boma kaburi ni ushahidi kuliko hati: linasema nani alianza kukaa hapa, na linamzuia mwana mlevi asiuze ua wote, kwa sababu mnunuzi mwerevu haununui ugomvi na wafu. Kimya kimya, makaburi yamekuwa sheria ya mipango miji ambayo hakuna bunge lililoipitisha. Mbita inaelekea huko huko. Penye soko la zamani ua mwingine umebaki mtupu kati ya majengo mawili ya ghorofa, na mgeni akidhani ni uwanja unaosubiri mwekezaji, mwenyeji atamwonyesha ni nani wamelala pale.

Rusinga imepona kiasi, kwa sababu mbili zisizofanana. Kwanza, ardhi yake ni ya mawe na yenye mteremko. Pili, kisiwa kina historia inayokaguliwa na wageni. Mary Leakey aliokota huko mwaka 1948 fuvu la nyani wa kale aliyepewa jina la Proconsul, katika tabaka za ardhi zenye umri wa miaka milioni 18 hivi, na tangu wakati huo watafiti hawajaacha kurudi. Tom Mboya, waziri aliyeuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, amezikwa kisiwani, na kaburi lake lenye umbo la risasi huvuta wanafunzi na wanasiasa. Kati ya 2012 na 2015, watafiti wa ICIPE na wenzao wa Uholanzi na Uswisi waliweka kwenye maelfu ya nyumba za Rusinga mitego ya mbu inayonusisha harufu ya binadamu na kuendeshwa kwa sola. Sola hiyo iliwasha pia taa na kuchaji simu. Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha maambukizi ya malaria yalikuwa chini kwa asilimia 30 hivi kwenye nyumba zenye mitego. Kwa nyumba nyingi, basi, umeme haukuletwa na nguzo za mji. Uliletwa na mbu.

Sasa mstari wa kisheria unachorwa. Sheria ya Miji na Majiji ya 2011, iliporekebishwa mwaka 2019, ilishusha kiwango cha manispaa hadi watu 50,000, na Homa Bay imeiweka Mbita kwenye orodha ya manispaa zake pamoja na Kendu Bay, Oyugis na Ndhiwa. Wengi wanashangilia, kwa kuwa manispaa huweza kupata fedha za taa, mitaro na soko. Ila mstari una meno mawili ambayo hayazungumzwi sana kwenye mikutano ya hadhara.

La kwanza ni bodi ya ardhi. Sheria ya 1967 inataka uuzaji wa ardhi ya kilimo upitishwe na bodi ya eneo, na kwa miongo mingi mke au mwana aliyesikia uvumi wa shamba kuuzwa alikimbilia huko kupinga mbele ya mkuu wa eneo na wazee wanaomjua. Lakini sheria hiyo haihesabu ardhi iliyo ndani ya manispaa kuwa ya kilimo. Ua uliokuwa shamba jana unaweza kuuzwa bila kikao hicho. Mke bado analindwa na sheria za ardhi za 2012 na ile ya mali ya ndoa ya 2013, zinazodai ridhaa yake, na mwanafamilia anaweza kuweka zuio kwenye masjala ya ardhi. Hiyo ni karatasi, nauli na wakili. Bodi ile ilikuwa benchi chini ya mti.

La pili ni kodi. Katiba, kifungu cha 209, inazipa kaunti mamlaka ya kutoza kodi ya ardhi na majengo, na sheria ya kitaifa ya 2024 kuhusu kodi hiyo imezipa utaratibu mpya wa kukadiria thamani. Mthamini atakapofika kwenye boma la Mbita atakuta vyumba sita vya mabati, mbuzi wawili, mtumbwi ulioinamishwa ukingoja lami ya kuziba matundu, mihogo mistari mitatu, na makaburi manne. Vyumba vinaingiza kodi ya nyumba na vinatozeka bila ubishi. Mihogo ni kilimo. Kuhusu yale makaburi manne, yaliyokalia sehemu nzuri kuliko zote upande wa barabara, fomu ya mthamini haina kisanduku, na kila mwenye boma ameshaandaa jibu lake.